Mwenza wa Mzee Zenon

Jenifa alikuwa ameushika mdomo wa gunia, mashudu ya moto yakidondoka ndani, alipomwona mzee Zenon akiingiza mkono kwenye hopa ya mashine ya kukamua. Alizeti ilikuwa imeshikana juu ya parafujo na haikuteremka. Kijiti cha kusukumia kilikuwa kimeegemea ukutani, karibu na goti lake. Hakukichukua. Alisukuma kwa vidole, na macho yake hayakuwa kwenye hopa bali mlangoni, kama mtu anayemsubiri mgeni.

"Baba!" Jenifa aliita.

Mashine ilinguruma. Mzee hakusikia. Jenifa aliachia gunia, mashudu yakamwagika miguuni, akaenda kumgusa bega. Zenon alishtuka, akautoa mkono. Vidole vyote vilikuwepo. Jenifa alivihesabu kwa macho kabla hajajua kwamba anahesabu.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Kijiti, baba. Kiko hapo."

"Eeh. Nimekiona."

Alikichukua, akaendelea na kazi. Mkono wake wa kushoto ulishuka mfukoni, ukashika kitu, ukakiachia. Jenifa alirudi kuzoa mashudu. Alikuwa amemwona akifanya vile tangu wiki iliyotangulia: mkono mfukoni, macho mlangoni, halafu kusahau kitu. Jana alisahau kufungulia bomba la mafuta mpaka yakafurika. Leo ilikuwa hopa. Kesho Jenifa hakutaka kuifikiria.

Kilichomtesa ni kwamba mzee Zenon alikuwa amekabidhiwa kwake.

Ilianza baada ya mavuno, msimu wa kukamua ulipofunguliwa. Mwenye kiwanda alimleta muuguzi mmoja mstaafu azungumze na wafanyakazi kuhusu msongo wa mawazo. Mama yule alizungumza vizuri, kwa upole, akasema mtu hafiki kazini peke yake, anakuja na nyumba yake yote kichwani. Akapendekeza kila mfanyakazi awe na mwenza wa kumjulia hali kila asubuhi, kwa maswali matatu: umelalaje, nyumbani kuna nini, unahitaji nini. Watu walilipenda wazo hilo. Ili pasiwe na upendeleo, majina yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa kwenye kofia, kila mtu akachota.

Hapo ndipo palipoharibika, ingawa siku ile walicheka tu. Christopha, kijana mpakiaji wa magunia, alimchota Cornelia, msimamizi wao. Kila asubuhi alisimama mbele yake na kuuliza, "Bosi, umelalaje?" na Cornelia alijibu bila kuinua kichwa, "Kitandani. Kabebe magunia." Jenifa alimchota mzee Zenon, fundi wa mashine, mtu wa Pito, mwenye umri wa kumzaa yeye na dada zake wote.

Sasa binti atamuulizaje mtu kama huyo nyumbani kwake kuna nini? Jenifa alijaribu. Kila asubuhi alipiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, baba. Umelalaje?" Zenon alijibu, "Marahaba, mwanangu. Nimelala." Swali la pili alishindwa kuliuliza. Nyumbani kwa mtu mzima kuna mke wake, kuna kitanda chake, kuna mambo ambayo mtoto hayaulizi. Mara moja alijikaza akauliza kama nyumbani ni salama. Mzee alimtazama kwa mshangao, si kwa hasira, akasema, "Salama kabisa," na kugeuka. Jenifa aliona haya siku nzima.

Angeweza kumwambia Cornelia. Hilo lilimzunguka kichwani kila alipofunga gunia. Lakini msimu uliopita Adolfu, aliyekuwa kwenye machujio, alionekana kuchoka, akaambiwa aende nyumbani apumzike kwanza. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwita tena pia. Akisema, Zenon huenda akapoteza mashine aliyoizoea kuliko kitu kingine chochote. Akinyamaza, huenda akapoteza mkono. Jenifa hakujua lipi lilikuwa baya zaidi, na kila siku ilimpunguzia muda wa kuchagua.

Saa nne mashine ilipumzishwa kwa ajili ya chai. Watu walikaa nje ukutani, upande wenye jua, maana ule upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unapenya sweta. Zenon hakukaa. Alisimama getini na kikombe chake, akitazama barabara ya kwenda Pito.

"Mwenza wako ana mchumba barabarani nini?" Christopha alimwambia Jenifa, mdomo umejaa andazi.

"Acha hizo."

"Nakwambia, mshikaji wangu. Mzee yule kuna kitu. Jana nimemsalimia mara mbili, ameitikia kwa Kifipa, halafu akaniita Polikarp. Polikarp ni nani?"

"Mtoto wake. Yuko Mpanda."

"Basi mimi ni Polikarp. Poa tu. Lakini asije akaniita kiroba akanitia kwenye mashine."

Alicheka peke yake. Jenifa alisogea pembeni, akampigia simu mama yake kule Milepa. Alitaka tu kusikia mtu akimwambia la kufanya.

"Mzee Zenon yupi?" mama aliuliza. Nyuma yake kuku walikuwa wanapiga kelele. "Zenon wa Pito? Mwembamba, mwenye alama hapa kwenye nyusi?"

"Huyohuyo. Unamjua?"

"Nisimjue nina wazimu? Mama yake alitoka hapahapa Milepa. Mama yake na mama wa babu yako ni watoto wa tumbo moja. Marehemu baba yako alikuwa anamwita baba mdogo. Wewe unamwitaje?"

"Namwita baba."

Mama aliangua kicheko mpaka Jenifa akaondoa simu sikioni.

"Baba! Mama yangu weee. Yule ni babu yako, we mtoto. Ni mume wako huyo! Umempigia magoti miezi yote hiyo kama mkwe? Ndiyo maana anakukimbia. Wajukuu wa ukoo huko Pito wanamvua kofia kichwani, wewe unamwita baba!"

"Hakuniambia."

"Akwambie ili iweje? Labda hajui wewe ni wa nani. Ulimwambia baba yako ni nani?"

Jenifa hakuwa amemwambia. Kazini watu walijuana kwa jina la kwanza na kwa kazi wanayoifanya. Yeye alikuwa Jenifa wa mashudu.

Alikata simu akabaki amesimama. Baba na babu. Baba humuulizi. Babu unamchokoza, unamwambia amezeeka, unamdai zawadi, unamwambia kitanda kimoja hakitoshi, na yeye anakujibu hivyohivyo, na hakuna anayekasirika. Tangu utoto alikuwa anafanya hivyo na babu zake wote. Lakini kuanza tu, kwa mzee aliyemheshimu miezi yote, kulimtia hofu. Kama mama amekosea je? Kama yeye mwenyewe hataki?

Kengele iligongwa. Zenon alirudi kwenye mashine, akawasha, akamimina debe la alizeti. Mkono wa kushoto ukaenda mfukoni.

Jenifa hakwenda kwenye magunia. Alimfuata mpaka kwenye hopa, akasimama karibu, mikono kiunoni. Goti halikupigwa.

"We mume!" alisema kwa sauti ya kushinda mashine. "Mimi ni mjukuu wa Theodory wa Milepa. Nimeambiwa leo kwamba umenioa, na mahari sijaiona!"

Zenon aligeuka. Jenifa alihisi masikio yanawaka moto. Kisha midomo ya mzee ilianza kutikisika.

"Theodory? Wewe ni wa Theodory? Binti wa nani, wa Flavian?"

"Wa Flavian."

"Ala! Na ulikuwa unaniita baba!" Alipiga makofi mawili ya polepole, kama wanavyosalimiana wazee, akainama kidogo. Alikuwa anacheka. Jenifa hakuwa amewahi kuyaona meno yake. "Mke mbaya wewe. Umeniacha miezi yote sina wa kunipikia."

"Nitampikiaje mwanamume asiyelala nyumbani? Tazama macho yako. Yamekuwa mekundu kama ya ndezi. Unakwenda wapi usiku? Una mwanamke gani?"

"Huyo mke mwenzio ndiye hanilazi."

"Anakufanya nini, mzee mzima wewe?"

"Anaamka." Zenon alikuwa bado anatabasamu. "Anaamka usiku anafungua mlango anakwenda. Anasema anakwenda kwao. Namrudisha, nalala, anaamka tena."

Tabasamu lilibaki usoni lakini maneno yaliendelea bila utani, kama mtu aliyeanza kushuka mlima na miguu haiwezi tena kusimama. Fransiska, mke wake, alianza kusahau mwaka jana. Kwanza majina, halafu chumvi, halafu njia ya kisimani. Baada ya Pasaka alitoka mchana, watu wakamkuta karibu na Kasense, hana viatu, anamtafuta mama yake aliyekwisha kufa zamani. Walimrudisha kwa bodaboda. Zenon hakumwambia mtu yeyote. Polikarp akijua ataacha kazi huko Mpanda. Majirani wakijua watasema.

"Sasa mchana anabaki na nani?" Jenifa aliuliza.

Mzee aliutoa mkono mfukoni. Alikuwa ameshika ufunguo wa kufuli, mdogo, umeng'aa kwa kushikwashikwa.

"Namfungia," alisema.

Alizeti ilikuwa imeshikana tena juu ya parafujo. Hakuna aliyeitazama.

"Na leo," Zenon alisema, "kulikuwa na baridi kali. Nilimkokea jiko la magunzi ndani apate joto wakati najiandaa. Huwa nalitoa nje kabla sijafunga. Ninalitoa kila siku. Leo nimefika hapa, nimewasha mashine, na sikumbuki, Jenifa. Nimelitafuta kichwani tangu asubuhi. Najiona nalibeba, halafu naona kwamba hiyo ni jana. Kuna gunia la magunzi pale pembeni. Yeye akiona moto unafifia, anaongeza."

Jenifa aliunyoosha mkono akabonyeza swichi nyekundu.

Mkanda ulizunguka ukipungua kasi, ukasimama. Mlango wa ofisi ulifunguliwa papo hapo.

"Nani amezima?" Cornelia alikuja akitembea haraka, leso shingoni. "Umeme umekatika?"

"Nimezima mimi," Jenifa alisema.

"Kwa idhini ya nani?"

Jenifa alimtazama Zenon. Mzee alikuwa anatazama chini, na Jenifa aliona kwamba hatasema. Kichwani alimwona Adolfu akiondoka getini na mfuko wake. Akaona pia nyumba imefungwa kwa nje.

"Mke wake ni mgonjwa, amefungiwa ndani peke yake, na huenda kuna jiko linawaka," alisema kwa pumzi moja. "Lazima twende sasa hivi."

Cornelia hakuuliza amefungiwa na nani. Alimtazama Zenon, akaitazama mashine iliyosimama, akaitazama alizeti iliyobaki kwenye hopa. Uso wake haukulainika.

"Christopha!" aliita. "Pikipiki yako ina mafuta?"

"Ipo vizuri, bosi."

"Wapeleke Pito. Jenifa, ukifika nipigie. Usisahau kunipigia."

Walipanda mshikaki, Christopha mbele, Zenon katikati, Jenifa nyuma amemshika mzee kiunoni. Alihisi mbavu zake kupitia koti. Upepo ulikata mashavu. Mashamba yalikuwa yamekwisha kuvunwa, mabua yamelala, na huku na huko watu walikuwa wanachoma majani, kwa hiyo kila mahali kulikuwa na moshi. Kila moshi Jenifa aliuona kuwa ndio wenyewe. Mmoja ulikuwa mweusi, mnene, upande wa kulia kabisa wa kanisa la kijiji.

"Ni kwako kule?" alimpigia mzee kelele sikioni.

"Si kwangu. Kwangu ni mbele."

Christopha aliongeza mwendo mpaka walipofika.

Nyumba ilikuwa imesimama. Bati lilikuwa kimya, hakuna moshi uliotoka chini yake. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ubao. Zenon alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri, akaukimbilia mlango, lakini ufunguo haukuingia kwenye tundu. Ulicheza pembeni, ukaanguka. Jenifa aliuokota akafungua yeye.

Ndani kulikuwa na giza, na baridi kuliko nje. Jiko lilikuwa karibu na mlango, na Jenifa alipolishika lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Jivu ndani yake lilikuwa limelowa. Ndoo ya maji ilikuwa pembeni yake. Mzee hakuwa amelitoa. Alikuwa amelimwagia maji, akalizima kabisa, akasahau kwamba amelizima.

Fransiska alikuwa amekaa chini kwenye kona. Alikuwa amejifunika blanketi, juu yake shuka, juu yake koti la Zenon, na juu ya yote gunia tupu. Mikono yake iliyojitokeza ilikuwa ya kijivu. Mbele yake kulikuwa na mahindi, na alikuwa anapukuchua punje mojamoja kwa vidole visivyokunjika vizuri.

"Mmekuja," alisema. "Nimegonga sana."

Zenon alipiga magoti, akaichukua mikono ya mke wake akaitia ndani ya koti lake, kwapani. Alikaa hivyo. Jenifa alitoka nje kumpa nafasi, akampigia simu Cornelia.

"Yu mzima," alisema. "Jiko lilikuwa limezimwa."

"Haya. Asante Mungu." Kisha, "Amekuwa akimfungia tangu lini?"

Jenifa aliitazama kufuli mlangoni.

"Sikuulizi ili nimhukumu. Mimi mama yangu nilimfunga kamba kiunoni, akiwa na ugonjwa wake wa mwisho. Kamba ya kuanikia nguo. Nilimfunga ili niende kuteka maji." Sauti ya Cornelia ilikuwa ileile ya kiwandani. "Lakini kwenye mashine hiyo simrudishi katika hali aliyonayo. Kesho aje aniambie mwenyewe. Nitampeleka kwa mwenye kiwanda, na sijui atasema nini. Nisikudanganye. Mwambie aje."

Walimtoa Fransiska nje, wakamkalisha juani. Jirani mmoja, Angela, mama wa makamo, alikuja kutoka ng'ambo ya ua wa mabua na chupa ya uji, kana kwamba alikuwa ameiweka tayari siku nyingi akisubiri mlango ufunguliwe.

"Nilikuwa nasikia anagonga," alisema, bila kumtazama Zenon. "Nikasema ni mambo ya watu na nyumba yao. Kuingilia nitaingiliaje?"

"Ungeniuliza," Zenon alisema.

"Na wewe ungenijibu nini?"

Angela alimshikia Fransiska kikombe. Alisema asubuhi yeye yuko nyumbani, anachambua maharage tu, na maharage yanaweza kuchambuliwa hata hapa. Mchana hawezi, ana shamba. Basi ikawa asubuhi ina mtu na mchana hauna, na Zenon aliurudia mchana huo mara nyingi kwa sauti ndogo, akiugeuza huku na huku.

Fransiska alikuwa anamtazama Jenifa. "Huyu nani?"

"Mimi ni mke mwenzio, bibi. Nimeletwa leo."

Mama mzee alimpima kuanzia miguuni. "Karibu," alisema. "Lakini huyu mume hatoshi hata kwa mmoja."

Christopha, aliyekuwa ameegemea pikipiki, alicheka hadi akalazimika kugeuka. Zenon naye alicheka, kisha akafuta macho kwa kiganja, akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha.

Jenifa alikaa chini karibu na Fransiska, akavuta rundo la mahindi kuelekea kwake. Walipukuchua pamoja. Mikono ya mama mzee ilipopata joto, ilifanya kazi kwa kasi kuliko ya Jenifa.

"Kesho nimwambie nini yule mama?" Zenon aliuliza, baada ya Jenifa kumpa ujumbe wa Cornelia. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mgongo ameupa mlango.

"Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

"Wewe ulinitania. Yeye nitaanzia wapi?"

Jenifa alifikiri. "Anzia kwa kusahau chumvi."

"Mke wangu alianza kusahau chumvi," Zenon alijaribu. Akaishia hapo. Alijaribu tena, akafika kwenye njia ya kisimani. Neno la kufuli lilimshinda. Alilizunguka, akarudi mwanzo. Jenifa hakumharakisha. Hakujua kama Cornelia ataweza kumtetea, wala kama mchana utapata mtu. Alijua tu kwamba asubuhi atasimama naye karibu na mlango wa ofisi.

Jua lilipoanza kushuka, Christopha aliwasha pikipiki. Jenifa alisimama, akajikung'uta makapi ya mahindi kwenye sketi. Debe la punje lilikuwa limefika nusu, na rundo la mahindi bado lilikuwa kubwa.

"Unakwenda?" Fransiska aliuliza. "Na haya?"

"Tutaendelea kesho, bibi, nikitoka kazini."

Fransiska aliitikia, akachukua hindi jingine. Kwenye kizingiti, mzee Zenon alikuwa anaanza tena: "Mke wangu alianza kusahau chumvi."